Dirisha la Chumba cha Ngoma

Ighil Ouzru, Ketama, Moroko
9 Novemba 2017

Kaka Najim,

Salamu kutoka kwenye baridi. Barua yako ilifika kwa Hamidou wa dukani, akakaa nayo wiki nzima chini ya makopo ya dagaa, kwa hiyo tumekusoma na kukunusa. Nilimsomea baba. Tuseme nilimpigia kelele, maana masikio yake yanazidi kufa. Mtu hapigi ngoma ya kuchekechea bangi ujana wake wote na uzee wake wote ndani ya chumba kilichofungwa, akabaki na masikio. Barua zako sasa zinasikika mpaka ng'ambo ya korongo kwa Lalla Ftouma. Juzi kaniuliza, "Kumbe Najim ana jipu? Mwambie abandike kitunguu cha kuchoma." Ukiwa na jambo la siri andika juu kabisa: usimsomee baba.

Hili langu la leo yeye hatalisikia. Ni la Anouar.

Kiangazi alikuja Mholanzi mmoja, mrefu, mpole, anakula mkate wetu kama hajawahi kuuona. Amemfundisha mdogo wetu kutoa mafuta kwenye bangi kwa gesi. Si hashishi yetu ya kupiga bangi kavu juu ya ngoma na kuchekecha unga wake. Haya ni mafuta mazito ya rangi ya asali, na tone dogo kama punje ya mtama linamlaza mwanamume mzima. Mtoto wa Lalla Ftouma alionja, akashinda mchana kutwa ameshika mkia wa punda, anasema akiuachia dunia itaanguka. Tulicheka mpaka tukaona punda naye amechoka, na yule kijana bado analia.

Mholanzi alimwonyesha baba. Baba akayanusa, akasema, "Kitu cha kumlaza mtu kwa pumzi moja si starehe, ni rungu. Halitaingia nyumbani kwangu." Anouar akasema sawa baba. Sawa yake unaijua. Sasa yuko nayo kwenye chumba cha ngoma kila siku, na baba anadhani anapiga ngoma. Hawezi kujua. Hasikii ikipigwa, hasikii isipopigwa.

Mimi naogopa ile gesi, Najim. Ninapopita pale kichwa kinaniuma. Mkataze. Mimi ananiita Waziri wa Vitunguu. Wewe anakuogopa kidogo.

Dada yako,
Zulikha


Gerezani, Algeciras
27 Novemba 2017

Anouar, mdogo wangu, mjinga wangu,

Usimtafute aliyeniambia. Hata ukuta una macho.

Chumba hiki nalala na Mhispania mmoja anaitwa Rafael. Alikuwa akitoa mafuta hayo hayo katika nyumba ya kupanga huko Sevilla, ghorofa ya tatu. Hana nyusi. Vidole vyake vimeshikana, mimi ndiye ninayemfungia vifungo vya shati asubuhi. Nilimuuliza, ikawaje? Akasema gesi ile haibishi hodi. Inashuka chini, inajaa sakafuni kama maji yanavyojaa bondeni, nawe umesimama ndani yake huioni. Siku hiyo jirani yake aliwasha jiko tu. Ndugu yake Rafael alikuwa naye chumbani, na huyo hana mtu wa kumfungia vifungo, kwa sababu hana tena shati.

Acha. Mimi nimo humu kwa ajili ya shehena ambayo hata haikuwa yangu, nikaendesha mashua ya watu kama mpumbavu. Oktoba ijayo ninatoka, Mungu akipenda. Nataka nikukute na mikono miwili. Wanasema sikio la kufa halisikii dawa, lakini lako bado bichi, kwa hiyo sikia.

Kaka yako,
Najim


Ighil Ouzru
14 Desemba 2017

Kwa Mheshimiwa Nahodha wa Mashua Iliyokamatwa,

Nimecheka. Wewe uliyewapelekea askari wa Hispania shehena nzima mlangoni kwao ndiye unayenifundisha kuwa mwangalifu? Haya, shikamoo mwalimu.

Lakini sikiliza na mimi. Hashishi ya baba imelala darini mwaka wa pili. Ile ya kwanza kabisa, ya mapigo ya kwanza, laini kama unga wa kuoka. Wanunuzi wanakuja, wananusa, wanamsifu mzee, wanakula mayai yetu, wanakwenda zao. Wakiona mafuta yangu wanakaa kitako. Kisima cha chini kimekauka, zile mbegu za bangi ya kigeni zinakunywa maji kuliko ng'ombe. Unataka tule nini, mierezi?

Na si kula tu. Jina la baba bado liko kwa askari kama mtu anayetafutwa, tangu yule mwanahizaya asiyejulikana alipomchongea. Mzee hajashuka mjini tangu wakati ule. Jino likimuuma anajing'oa kwa koleo. Mama alifia hospitali ya Tetouan akazikwa huko huko, na baba kaburi lake hajaliona, wewe unajua. Yuko wakili Tetouan anayefuta majina. Mafuta ya msimu mmoja yatamtosha. Nataka nimteremshe mzee mlimani nimshike mkono, nimpeleke kwa mama. Ukishanipa njia nyingine ya kufanya hivyo, nitatupa vyombo korongoni.

Kuhusu kuungua, mimi siyo Rafael. Nafanya kazi dirisha wazi na mlango wazi, upepo unapita kama siku ya soko. Natetemeka kama mbwa aliyenyeshewa. Nikishapitisha gesi naviacha vyombo vipumue, nakwenda jikoni kula. Siku moja mzee alipita akaona dirisha limeachama. Najim, ungeuona uso wake! Kama nimetia chumvi kwenye chai ya mgeni. "Mwanangu, chumba cha ngoma hakifunguliwi! Upepo utakula unga wote!" Unakumbuka tulivyolelewa: dirisha linafungwa, mablanketi yanasokomezwa kwenye kila ufa, na mwenye kupiga chafya anatolewa nje. Nikampigia kelele sikioni kwamba nafukuza vumbi. Akaondoka anatikisa kichwa, akisema vijana wa leo wanafuga upepo.

Usimwambie. Ukimwambia atafika mle na nyundo, lakini moyo wake utavunjika kabla ya vyombo.

Nduguyo mwenye mikono miwili,
Anouar


Gerezani, Algeciras
5 Januari 2018

Anouar,

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na ile sehemu ya mama imenishinda. Hilo lilikuwa jukumu langu mimi mkubwa, nami nimelikalia humu ndani.

Basi. Mpaka theluji itakapoyeyuka tu, baada ya hapo hapana. Dirisha wazi, mlango wazi, hata mkigeuka barafu. Baba sitamwambia. Barua yake ya leo nimejaza habari za dengu za gerezani na goti langu, Zulikha atampigia kelele zote.

Rafael anakusalimu. Anasema umwombe Mungu akupe woga.

Najim


Ighil Ouzru
18 Februari 2018

Kaka Najim,

Samahani kwa kuchelewa. Theluji ilifunga barabara, Hamidou hakupanda.

Sisi wazima. Baba mzima, anakula kidogo. Paa la chumba cha ngoma limeanguka kwa uzito wa theluji, kwa hiyo kazi imesimama. Anouar amekwenda Tanja, amepata kibarua cha ujenzi. Alikwenda ghafla. Amesema atakuandikia akitulia.

Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Sina zaidi.

Zulikha


Gerezani, Algeciras
20 Machi 2018

Zulikha,

Barua yako ilikuwa fupi kama salamu ya mdaiwa. Una nini? Wewe unayeweza kuandika ukurasa mzima juu ya kuku aliyepotea, leo paa limeanguka unalipa sentensi moja.

Na huyo wa Tanja, mbona kimya? Nimemwandikia barua mbili kupitia kwa binamu yetu wa kule, hakuna jibu. Amenuna kwa sababu nilimpa mwisho wa theluji? Mwambie kaka yake hana kinyongo. Mwambie nimefurahi mno kwamba yuko kwenye saruji na si kwenye gesi, hata nimemwambia Rafael, naye akapiga makofi kwa ile mikono yake. Mwambie aniandikie hata matusi.

Najim


Gerezani, Algeciras
16 Aprili 2018

Usimsomee baba.

Wiki hii wameleta kijana wa bonde letu, wa kwa akina Bouchta. Alinikuta kwenye uwanja, akanikumbatia, akasema, "Mungu akupe subira kwa Anouar." Nilicheka. Nikamwambia, subira ya nini, yuko Tanja. Akaniachia mabega, akatazama viatu vyake.

Kumbe watu wote wa bonde wanajua. Mpaka wezi wa punda wanajua. Mimi tu ndiye nimekaa humu nikimwandikia maiti barua za utani.

Huyu kijana anasema baba yake alikuwa miongoni mwa waliokuja kuzima moto. Anasema dirisha lilikuwa limefungwa, na mablanketi yalisokomezwa kwenye nyufa, waliyakuta yanaungua. Anouar hawezi kufunga lile dirisha. Aliniandikia kwa mkono wake. Nani alilifunga, Zulikha? Nataka jina. Yeyote yule ndiye aliyemuua ndugu yangu, awe mtu au jini.

Najim


Ighil Ouzru
2 Mei 2018

Kaka Najim,

Baba ndiye aliyekataza tukuambie. Alisema, "Mfungwa hana pa kulilia, mwacheni atoke kwanza." Nikaona ni kweli. Nisamehe kwa Tanja na kwa mbuzi. Mbuzi hakuzaa.

Ilikuwa mwisho wa Januari, alasiri, baridi kali na upepo. Alikuwa ameshapitisha gesi, akaja jikoni kama kawaida yake. Nilimpa supu ya bisara ya moto na mafuta ya zeituni juu. Akala bakuli mbili, akaniambia, "Waziri, leo umeongoza nchi vizuri." Akatoka. Alifungua mlango wa chumba cha ngoma, akawasha taa ya umeme. Ni hivyo tu. Mtu aliyeingia chumbani kwake akawasha taa.

Tulimteremsha kwa gari la Hamidou. Baba alitufuata mbio mpaka kwenye mwerezi wa kona, pale anapoishia siku zote, akasimama. Asingeweza kupita. Pale chini kwenye kizuizi cha askari wangemchukua, na gari lingekaa, na Anouar alikuwa hana muda wa kukaa. Alisimama ameshika kiatu kimoja cha Anouar. Najim, sijawahi kuona mtu mzima amesimama vile.

Hospitalini Tetouan nilisema ni mtungi wa gesi ya chai. Na baba pia nilimwambia hivyo, mpaka leo anaulaani mtungi wa chai. Habari ya mafuta haijui. Majirani wanaijua, lakini kumwambia baba kitu ni lazima upige kelele, na hakuna aliyepata moyo wa kupiga kelele neno kama lile.

Anouar alizungumza mara moja tu. Aliniuliza, "Zulikha, nani alifunga dirisha?"

Nikamwambia, "Mimi."

Akasema, "Ulisikia baridi?"

Nikasema ndiyo.

Akafumba macho, hakuzungumza tena. Amezikwa karibu na mama, makaburi matatu kati yao. Sasa baba ana makaburi mawili asiyoweza kuyaona.

Ulitaka jina, umelipata. Nilipanda kumchukulia nguo za kufua, nikaona theluji inaingia ndani, nikafunga na kusokomeza mablanketi kama tulivyofundishwa. Sikufikiri. Mkono wa mtu wa huku ukiona dirisha wazi la chumba kile unafunga wenyewe.

Zulikha


Gerezani, Algeciras
21 Mei 2018

Zulikha,

Wewe ndiye uliyeniandikia kwamba gesi inakutisha. Wewe ndiye uliyesema kichwa kinakuuma ukipita pale. Mtu yeyote mwingine ningesema hakujua. Wewe ulijua, ukafunga.

Oktoba natoka. Sitakanyaga nyumba ile maadamu wewe umo. Nitakaa Tanja, nitakaa Nador, nitakaa barabarani. Mwambie baba sababu yoyote unayoitaka, uongo unauweza.

Usiniandikie tena.

Najim bin Allal


Ighil Ouzru
30 Julai 2018

Kwa mwanangu Najim. Barua hii inaandikwa na Fakihi Mfeddal wa msikiti wetu kwa maneno ya baba yako Mzee Allal, neno kwa neno kama alivyoniamuru, na mimi simo.

Mwanangu, mwandishi leo si Zulikha kwa sababu shauri lenyewe ni la Zulikha. Na fakihi ana mwandiko mzuri, ingawa anapenda chai mno. Andika hilo pia, fakihi. Umeandika? Haya.

Barua zako zimekatika. Namuuliza dada yako, ananipigia kelele sikioni: posta. Posta gani hii ya miezi? Na hapo katikati amekubali kuolewa na yule mgane wa Ouezzane, mwenye kinu cha zeituni. Yule aliyemkataa mara mbili! Alisema ana pumzi ya mbuzi. Sasa anasema ndiyo, na haraka, kabla ya Oktoba. Nikamuuliza, huwezi kumngoja kaka yako atoke akusindikize? Akatoka nje. Kuna nini kati yenu? Mimi sisikii, lakini si kipofu.

Nadhani habari ya Anouar imeshakufikia huko; usije ukawa umemlaumu dada yako kwa ajili ya marehemu. Hakuna wa kulaumiwa, ni ule mtungi wa chai na ni siku yake. Nilitaka kukusubiri utoke nikueleze kwa mdomo, ila naona umri haunisubiri mimi.

Nikuambie jambo linalonipa usingizi. Watu wananihurumia kwa sababu sikushuka na mwanangu, sikumwosha, sikumzika. Kweli, hilo linanila. Lakini Mungu hakuninyima yote. Siku ile ile nilipanda mpaka chumba cha ngoma, nikakuta dirisha limeachwa wazi, mlango wazi, upepo unacheza mle ndani, na yeye kashuka kula. Nilinusa ule mtungi kidogo, nikasema hewa ya mlima imeshatoa harufu yake. Nikafunga dirisha. Nikasokomeza mablanketi kwenye nyufa zote, moja moja, kama baba yangu alivyonifanyia mimi nilipokuwa kijana, ili unga usipeperuke na mtoto akirudi akute pana joto kidogo. Nikarudisha mlango. Sikumwambia. Wema wa mzazi hautangazwi. Nilimwambia Zulikha tu, baada ya kijana kutoka jikoni, nikasema nimemfungia ndugu yako dirisha, na yule msichana akatoka mbio bila viatu. Nikadhani maziwa yamemwagika. Ule mshindo niliusikia kifuani.

Basi ndiyo hivyo. Kitu cha mwisho nilichomfanyia mwanangu kwa mikono yangu kilikuwa cha huruma. Hilo nalishika. Usiku linanitosha.

Njoo nyumbani. Zungumza na dada yako.

Baba yako,
Allal

(Mimi Mfeddal naongeza kwa niaba yangu mwenyewe. Mzee hajui habari ya mafuta, na mimi sikumwambia. Mungu atusitiri.)


Gerezani, Algeciras
17 Agosti 2018

Kwa baba yangu mpendwa. Fakihi, msomee kwa sauti yako yote.

Baba, barua zilikatika kwa uvivu wangu, si kwa Zulikha. Nilikuwa na hasira na dunia, nikamnunia yeye aliye karibu.

Nimesikia habari ya dirisha. Ahsante, baba. Anouar alikuwa mtu wa baridi tangu mdogo, unakumbuka alivyokuwa akiingiza miguu kwenye nguo yako kando ya jiko. Mimi ningekuwepo nisingekumbuka kumfungia. Ulimfungia wewe. Aliporudi alikuta pana joto. Umefanya kazi ya mzazi, na mimi mwanao ninakushukuru kwa niaba yake, kwa sababu yeye hakupata nafasi ya kukushukuru.

Nakuja Oktoba. Nitakaa na wewe.

Hapa, fakihi, nyamaza. Yaliyo chini ni ya Zulikha peke yake.

Zulikha. Ulimwambia Anouar ni wewe. Ukaniambia mimi ni wewe. Nami nikakufukuza nyumbani kwetu kwa maneno ya mtu anayejua kila kitu. Mimi ndiye niliyekubali baba asiambiwe. Angejua chumba kizima kina gesi ya mafuta, asingegusa lile dirisha. Nikitaka jina la muuaji, nimeshalipata, liko chini ya barua zangu zote.

Usiende Ouezzane. Nakuomba, nakupigia magoti. Mwache huyo mtu na kinu chake. Nyumba ni yako kabla ya kuwa yangu.

Najim


Ouezzane
12 Septemba 2018

Kaka Najim,

Fakihi alinitumia karatasi yako huku. Ilipofika Ighil Ouzru mimi nilikuwa nimeshaondoka, wiki ya pili sasa. Usijilaumu kwa hilo, posta mara hii ilichelewa kweli.

Mume wangu si mbaya. Pumzi yake ni ile ile. Watoto wake wakubwa wananiita yule wa mlimani. Nakamua zeituni, nanuka zeituni, nalala mapema. Sitarudi, Najim. Hapa mwanamke akirudishwa kwao, kwao ndiko wanakocheka zaidi, na baba angeuliza kwa nini niliondoka, ningemwambia nini?

Fakihi anasema alimsomea baba ile sehemu yake mbele ya msikiti, kwa sauti yake yote, kama ulivyomwagiza, na watu wakakusanyika. Baba alilia, kisha akacheka. Alimwomba arudie pale palipo na ahsante. Akarudia mara tatu. Lalla Ftouma alifunika uso kwa shuka akaingia ndani.

Tangu siku hiyo mzee amechangamka, anakula. Anakaa barabarani pale kwenye mwerezi na kila anayepita, mnunuzi, mchunga mbuzi, mgeni, anamshika mkono na kumweleza jinsi alivyomfungia mwanawe dirisha, blanketi kwa blanketi, na kwamba mwanawe wa gerezani amemshukuru kwa maandishi. Watu wetu wanaitikia kwa kichwa na kutazama chini. Lakini njia ile inapitwa na kila aina ya watu, na siku moja atapita mtu mwenye sauti kubwa na moyo mdogo.

Usingoje Oktoba, kaka. Omba, lia, toa chochote ulicho nacho, utoke mapema. Nenda ukakae naye pale barabarani.

Zulikha